Kabla ya semina, nifungulieni kabati la dawa

Nikiitwa kushauri mpango mpya wa afya ya akili katika jamii, jambo la kwanza ninaloambiwa ni idadi ya waliohudhuria semina. Siku tano darasani, vyeti vimegawiwa, picha zimepigwa. Mimi huomba nipelekwe kwenye zahanati iliyo mbali kuliko zote, nifunguliwe kabati la dawa. Wenyeji wangu huona ni ukorofi.

Kufundisha ndiyo kazi rahisi. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2008 mpango wake wa mhGAP, wa kupeleka huduma za afya ya akili kwenye vituo visivyo na mabingwa, na mwaka 2010 likatoa mwongozo wa kumsaidia muuguzi au tabibu asiye bingwa kutambua na kutibu sonona (huzuni nzito isiyoisha), saikosisi (ugonjwa wa kusikia au kuamini yasiyokuwapo), kifafa na ulevi. Nimeufundisha miaka mingi na sina ugomvi nao. Tatizo ni kwamba mwongozo unaandika haloperidoli, dawa ya saikosisi, na kabatini haloperidoli haimo.

Haimo kwa sababu ya kawaida kabisa. Zahanati huagiza dawa kwa kuangalia zilizotumika miezi iliyopita. Kama hapakuwa na anayetibu saikosisi, matumizi yalikuwa sifuri, basi na oda ni sifuri. Semina haibadilishi sifuri hiyo. Lazima mtu aende bohari akabadilishe hesabu kwa mkono kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Na hatuzungumzii dawa za kifahari: sindano ya flufenazini ya kila wiki mbili hadi nne na haloperidoli kwa saikosisi, amitriptilini au fluoksetini kwa sonona, kabamazepini na fenobabito kwa kifafa. Zote ni za zamani.

Dawa ikikatika miezi miwili, hasara si ya miezi hiyo tu. Chukua kijana aliyeletwa na nduguze akiwa amefungwa kamba. Anapata nafuu, anarudi kazini, kamba inatupwa. Kisha sindano inakosekana na ugonjwa unarudi. Familia haisemi dawa ilikatika. Inasema hospitali imeshindwa. Kumrudisha safari ya pili ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana huwaambia viongozi waanze na zahanati nne wanazoweza kuzijaza dawa mwaka mzima, wasianze na arobaini. Hawapendi kusikia hivyo. Nawashauri pia waanze na kifafa, kwa kuwa mtoto aliyekuwa akianguka kila wiki akiacha kuanguka, majirani huona wenyewe na wagonjwa wengine huanza kuletwa.

La pili ninalouliza: mhudumu akikwama, nani anapokea simu? Mtu aliyefunzwa na kuachwa peke yake atajaribu mgonjwa mmoja, wa pili atamwogopa, wa tatu atampa rufaa bila hata kumgusa.

Wengi hunitajia Benchi la Urafiki la Zimbabwe, ambako akina bibi huketi benchini na wenye mawazo mazito na kuzungumza nao, na wanastahili kulitaja. Daktari Dixon Chibanda alilianza mwaka 2006 Mbare, Harare, na akina bibi 14. Utafiti wa watu 573 katika kliniki 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa waliozungumza na wahudumu hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Wanaoiga huiga benchi. Wanasahau kuwa akina bibi wale tayari walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, wanafahamika mitaani, na walikuwa na wa kuwasimamia. Wanasahau pia lugha: hawakumwambia mtu ana sonona, walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mtu hukubali kuwa anawaza sana. Ukimwambia ana ugonjwa wa akili, anaweza asirudi tena.

Kuhusu waganga wa tiba asili nitasema machache. Profesa Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili, kule Aro, Nigeria, aliwashirikisha tangu miaka ya 1950, huku wagonjwa wakipangishiwa vyumba kwa wanakijiji pamoja na ndugu zao. Familia itakwenda huko na huku hata ukinuna. Mimi huwaomba waganga mambo mawili tu: mgonjwa asifungwe wala kupigwa, na asiachishwe dawa. Wengine hukubali, wengine huitikia tu.

Nikimaliza kabati, naomba daftari. Sitazami safu ya wagonjwa wapya, ambayo kila mtu huipamba. Natafuta aliyepaswa kuchomwa sindano wiki iliyopita na hakuja. Nauliza nani amekwenda kumwangalia nyumbani. Muuguzi akinijibu, "Mtoto wake alikuwa anaumwa, nimempelekea sindano Jumanne," nafunga daftari na kuomba kiti.