Jibu lililobaki Dodoma

Kwa miaka saba nilikuwa katibu wa mbunge katika jimbo mojawapo la mkoa wa Tanga. Siku hizi nafundisha madiwani, wenyeviti wa mitaa na vijana wa redio namna ya kusoma Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansadi. Swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe kwenye kahawa Ngamiani au ndani ya daladala ya Pongwe, ni hili: "Huyu mbunge wetu kafanya nini?" Anayeuliza mara nyingi ana jibu lake tayari mfukoni. Kwake yeye mbunge ama hajafanya kitu, ama kafanya kila kitu.

Nieleze kwanza nilivyojifunza kazi hii, maana nilijifunza kwa kukosea.

Tulikuwa kwenye mkutano wa hadhara, kata moja ya pwani, chini ya mwembe wa shule ya msingi. Tulikuja na mipira sita na seti mbili za jezi, na mimi ndiye niliyekuwa napiga picha. Akasimama mzee mmoja mvuvi, msuli kaukunja hadi magotini, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Mheshimiwa, kisima chetu. Uliuliza Bungeni, nilikusikia kwa masikio yangu redioni. Ulijibiwaje?" Mbunge akanigeukia. Nikafungua daftari langu. Tarehe ya swali ilikuwamo, namba yake ilikuwamo. Jibu sikuliandika.

Usiku ule nikalitafuta kwenye Hansadi. Lilikuwa jibu zuri. Naibu Waziri alikitaja kijiji kwa jina, akataja mwaka wa fedha na kiasi kilichotengwa. Jibu lile lilikuwa limelala humo miezi minane, na sisi tulikuwa mwezi wa tano. Tulipiga simu mbio, lakini muda ulikuwa umekwisha. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ukafungwa, fedha hazikuja, na pale kijijini hakuna aliyekuwa amezidai kwa sababu hakuna aliyejua kwamba zipo za kudai. Kina mama wale wakaendelea na ndoo vichwani viangazi viwili vingine. Picha zangu za jezi zilisambaa jimbo zima.

Tangu siku hiyo rekodi ya mbunge naipima kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, jibu alilopewa na Serikali lilirudi kwa watu waliomtuma, na je, alirudi nalo tena Bungeni lilipokuwa halijatekelezwa?

Lakini tuwe wa haki. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi: kuuliza maswali, kuijadili kila wizara wakati wa bajeti, kupitisha mipango, kutunga sheria, kuridhia mikataba. Haimpi mbunge kapu la fedha. Ibara ya 99 inakwenda mbali zaidi: Bunge halishughulikii jambo la kutoza kodi au la kutoa fedha za umma mpaka liwe limependekezwa na Rais kupitia kwa waziri. Kwa hiyo mbunge anayesema "nitawajengea daraja" anaahidi asichokuwa nacho, na mwananchi anayemlaumu kwa kutojenga daraja anamdai deni ambalo si lake. Anachoweza mbunge ni kuibana Serikali mpaka ijenge. Hiyo ni kazi kubwa, na ina alama zake zinazoonekana.

Hata mabati na saruji tunazoziona kwenye picha, nyingi zinatoka Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, lakini fedha ni za umma na hupitia halmashauri. Ukisoma "mbunge atoa mabati 100", uliza kama ni ya mfukoni mwake au ya Mfuko. Yote mawili ni halali, ila moja ni sadaka na jingine ni hesabu ambayo wewe una haki ya kuiona.

Sasa tuje kwenye majibu yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupotezwa. Jibu huanza vilevile kila siku: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, napenda kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Baada ya hapo tega sikio kwenye kitenzi. Ukisikia "Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo", hujapewa kitu; umekubaliwa tu kwamba una shida. "Itajengwa kwa kadiri ya upatikanaji wa fedha" ni adabu ya kusema bado. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea" ni hatua ya kweli, lakini barabara inaweza kukaa kwenye usanifu mpaka aliyeuliza swali amestaafu. Ndipo tunafika kwenye neno ambalo watu hulipigia makofi: "imetenga".

Kutenga si kutoa. Sisi wa pwani tunalijua hili vizuri kwenye kamati za harusi. Mjomba akisema "niandikeni laki mbili", jina lake linaingia daftarini na mweka hazina anashukuru. Lakini mchele haununuliwi kwa daftari. Siku ya shughuli ikifika na mjomba hajatuma, laki mbili zile bado zinasomeka vizuri kabisa, na sufuria haina kitu. Bajeti ni daftari la kamati. Fedha iliyotengwa imeandikwa. Fedha iliyotolewa imefika. Kwa hiyo neno la kulisubiri ni "imetoa" au "imepeleka", na baada yake "mkandarasi amekabidhiwa eneo".

Kwa sababu hiyo mimi hulitazama swali la msingi haraka, halafu nikakaa sana kwenye maswali ya nyongeza. Kanuni zinamruhusu aliyeuliza maswali mawili ya nyongeza, na haya hayasomwi kwenye karatasi iliyoandaliwa wiki kadhaa nyuma. Hapo ndipo unamwona mbunge mwenyewe. Mwingine husema "pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri", akamwalika waziri jimboni, akaketi. Mwingine husema: kati ya fedha mlizotenga mwaka jana, ni kiasi gani kimepelekwa mpaka leo, na kilichobaki kinapelekwa lini? Huyo wa pili mpe alama, hata kama hujampigia kura na hata kama humpendi.

Chombo kikali zaidi ni shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, yaani kuipitia bajeti ya wizara kifungu kwa kifungu, na kifungu cha mshahara wa waziri kikasomwa, mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kusema anashika shilingi. Maana yake anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara ule ili waziri alazimike kutoa maelezo na wenzake wachangie. Akiridhika anairudisha. Wapo wanaoshika shilingi asubuhi na kuirudisha kabla waziri hajamaliza sentensi ya pili. Hansadi inaonyesha yote: aliishika kwa jambo gani, aliambiwa nini, na aliirudisha kwa ahadi ipi. Ahadi hiyo iandike kwa tarehe, maana mwaka unaofuata wizara ileile itarudi na kitabu kingine cha bajeti.

Kuna jambo linalowachanganya watu wa mkoa wetu. Baada ya uchaguzi wa 2020, mbunge wa Pangani, Jumaa Aweso, alikuwa Waziri wa Maji, na mbunge wa Tanga Mjini, Ummy Mwalimu, alishika wizara mbalimbali, ikiwamo ya Afya. Ukihesabu maswali yao ya miaka hiyo kwenye Hansadi ukakuta patupu, usiseme walilala. Waziri hamuulizi waziri mwenzake Bungeni; yeye ni sehemu ya Serikali na anajibu. Rekodi ya mbunge wa namna hiyo kaitafute kwengine: kwenye kitabu cha bajeti ya maendeleo, kwenye baraza la madiwani ambako naye ni mjumbe, kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa. Jimbo linapata mtu aliye karibu na jungu, na wakati huohuo linapoteza sauti ya kuuliza hadharani. Wananchi wa jimbo la namna hiyo wanahitaji madiwani wakali kuliko kawaida.

Vipaumbele vya mbunge navyo visomwe kwa kurudiarudia kwake. Mbunge huchangia mambo arobaini kwa mwaka, lakini yale anayoyarudia kwenye wizara tofauti ndiyo yaliyomkaa moyoni. Chukua barabara ya pwani ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga. Kwa miaka mingi anayetoka Pangani kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, alitegemea kivuko. Mgonjwa na mwenye ndizi walipanga foleni moja. Daraja la Pangani lililopangwa kwenye barabara hiyo lina urefu wa mita 525. Barabara hii inapita majimbo kadhaa na mikoa miwili, na wabunge wengi waliopita huko wamewahi kuisemea. Kwa hiyo anayesimama leo kusema "nimeileta mimi" anawadhulumu waliomtangulia, wakiwamo wa vyama vingine. Ni haki aseme "nimeisukuma", kisha aonyeshe wapi na lini.

Bandari ya Bagamoyo inafundisha upande mwingine. Makubaliano yalisainiwa Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China alipoitembelea nchi yetu, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, Rais Magufuli akayakataa hadharani masharti yake mwaka 2019, na Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yatafufuliwa. Mradi wa ukubwa huo hauanzi wala haufi kwa mkono wa mbunge wa jimbo. Lakini mtu mwenye shamba ndani ya eneo la mradi, asiyejua apande minazi au asubiri fidia, ana haki ya mbunge anayeuliza habari ya fidia kila mkutano wa Bunge, bandari iwepo au isiwepo. Hicho ndicho kipaumbele ninachokitafuta: shida ya mtu huyu, siyo meli.

Kuhusu mawasiliano sina mengi, ila yaliyopo nayashikilia. Januari 2016 Serikali ilipotangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, itapunguza kurusha vikao moja kwa moja, wazee wengi wa vijijini walipoteza dirisha lao. Leo vikao vinaonekana mtandaoni, kwa mwenye simu na bando. Asiye nazo anategemea mbunge wake au redio ya karibu. Kwa hiyo taarifa ya mbunge kwa jimbo iwe na vitu vinne tu: niliuliza nini, nilijibiwa nini kwa maneno ya waziri mwenyewe, fedha imefika wapi, na nitarudi kuuliza lini. Isomwe kwenye mkutano wa mtaa, ibandikwe ofisi ya kata, itumwe kwa sauti kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukurasa mmoja unatosha. Na sifa ziende zinakostahili: mamlaka ya maji ya Tanga ilipouza hatifungani ya kijani, yaani hati za mkopo, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, walionunua ni wawekezaji wanaotarajia kulipwa na riba yao, na wananchi waelezwe hivyo.

Mwezi uliopita nilikuwa Bagamoyo na kikundi cha kina mama wanaokaanga samaki. Tulikaa barazani saa mbili nzima tukisikiliza jibu moja tu la Bungeni kuhusu barabara ya kwao, tukilikata neno kwa neno. Mmoja wao, umri wa mama yangu mzazi, alikuwa amelirekodi kwenye simu ya mjukuu wake. Tulipomaliza akaomba turudie. Akaiweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa, sauti ya Naibu Waziri ikatoka pale, taratibu: "Serikali imetenga..."

Akaizima. "Hapo hapo," akasema. "Mwanangu, niandikie hapa namba ya swali. Jumamosi mbunge anakuja."

Nikamwandikia kwa herufi kubwa nyuma ya risiti ya mafuta ya taa. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.