Huyu si mtu

Kiswahili kinaruhusu kumtazama mtu mzima, mwenye miguu miwili na kitambulisho mfukoni, ukasema: "Huyu si mtu." Hakuna atakayeuliza maana yake. Pengine kala mali ya yatima, au jirani kafiwa naye akapita mlangoni asitoe hata pole.

Ifeanyi Menkiti, mwanafalsafa wa Nigeria, alilitetea wazo la namna hiyo katika makala yake ya mwaka 1984. Binadamu huzaliwa, alisema, lakini utu huupata polepole, kadiri anavyotimiza wajibu wake kwa wenzake. Kwame Gyekye wa Ghana hakukubali: hapo jamii imepewa madaraka kupita kiasi, na haki za mtu mmoja zimesahauliwa. Alikumbusha msemo wa Waakan, watu wa huko Ghana, kwamba ukoo ni kama kundi la miti. Kwa mbali imeshikana; ukisogea, kila mti umesimama kwa shina lake.

Tanzania tuliupitia ubishi huu kwa vitendo. Mwaka 1968, katika andiko la Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba kijiji cha ujamaa ni cha watu walioamua wenyewe. Hakijengwi kwa kulazimishana. Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kazi iwe imekwisha. Mamilioni walihama. Kwingine nyumba zilichomwa moto ili mwenyewe asirudi, na familia zikashushwa kwenye malori na vyombo vyao mahali pasipo na paa.

Wapo wanaoona hilo ndilo tunda la falsafa ya Menkiti. Mimi naona wanamwonea. Yeye mwenyewe aliitenga jamii ya kweli na kikundi kilichoundwa kwa shughuli fulani. Jamii inayokulea utu ni ile inayojua wewe ni mtoto wa nani, inayokukaripia leo na kesho ikakuchimbia kaburi. Mkuu wa wilaya mwenye tarehe ya mwisho hana sifa hiyo, hata akitumia neno "ndugu" kila sentensi. Gyekye anatufaa kwa jambo jingine: hata jamii ya kweli inaweza kukosea, na anayeikatalia hapotezi utu wake.

Miaka ya 1980, amri ilipolegea, baadhi ya waliohamishwa walirudi kwenye mahame yao, kulikobaki miembe na makaburi.