Kutoa upepo kwenye breki: maana yake na kinachofanyika

Kutoa upepo kwenye breki ni kuondoa hewa iliyoingia kwenye paipu za mafuta ya breki, ili nguvu ya mguu ifike yote gurudumuni. Kazi hii inafanyika nyumbani kwa vifaa vichache, ila fundi asiyejua anachokitafuta anaweza kuziacha breki mbovu kuliko alivyozikuta.

Ukikanyaga pedali, masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, inasukuma mafuta kwenye paipu, nayo yanasukuma pistoni ya kalipa, kile kibano kilicho gurudumuni, mpaka pedi zinabana diski inayozunguka na gurudumu. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea. Ikiwemo hata kidogo, sehemu ya mwendo wa pedali inaishia kuibana hiyo hewa, na mguu unahisi kama umekanyaga sponji. Ukiipampu haraka haraka pedali inapanda na kukaza. Ukiiacha kidogo, inalegea tena. Pedali inayozama polepole huku mguu umetulia juu yake ni ugonjwa mwingine: mahali fulani panavuja, au mipira ya masta silinda imechoka. Hapo usipoteze mafuta kutoa upepo, tafuta chanzo kwanza.

Hewa huingia paipu ikifunguliwa, kalipa ikibadilishwa, au kopo la mafuta likikauka. Kuna na njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) hunyonya unyevu, na yakishanyonya huchemka mapema. Kiwango cha ubora kinadai DOT 4 mpya isichemke chini ya nyuzijoto 230. Ikishaingia maji, kinachodaiwa kinashuka hadi 155. Katika mteremko mrefu diski zinapata moto, mafuta ndani ya kalipa yanachemka, na mvuke wake unabonyea vilevile kama hewa. Pedali inakwenda hadi chini na gari halisimami. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanataka mafuta haya yabadilishwe kila miaka 2 hivi, hata kwa gari linalotembea kidogo. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo nyingine.

Kazi yenyewe inataka watu wawili. Gari likae juu ya stendi, maana jeki peke yake haiaminiki. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Mwenzako akanyage na kushikilia. Wewe legeza skrubu kwa spana: mafuta yatatoka na mapovu yataonekana yakipita kwenye mpira. Kaza, kisha mwambie aachie. Akiachia kabla hujakaza, hewa inavutwa kurudi ndani, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Rudia mpaka mafuta yatoke bila povu, huku ukiongeza mapya kwenye kopo lisikauke. Kwenye gari la zamani weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni, kwa sababu mipira ya masta silinda ikipita sehemu ambayo haijaizoea inaweza kuchanika. Mafuta yakidondokea bodi, osha kwa maji mara moja, yanakula rangi.

Magari mengi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mengine yana mpangilio wake, na baadhi ya yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) hutaka kompyuta ya kupimia. Fuata kitabu cha gari lako.

Ukiona mapovu yameisha lakini pedali bado laini, angalia skrubu ilipo. Hewa hupanda juu, kwa hiyo skrubu lazima iwe upande wa juu wa kalipa. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, skrubu inakuwa chini, na hata ukimaliza chupa nzima ya mafuta, ile hewa ya juu haitatoka mpaka kalipa zirudishwe pande zake.