Maji Yametakata, Tope Bado Lina Zebaki

Kila bei ya dhahabu inapopanda, malalamiko kuhusu mito huongezeka, na walalamikaji wengi huja maabara yetu na kitu kilekile mkononi: chupa ya soda iliyojaa maji. Tunashukuru kwa moyo huo, ila chupa hiyo haitusaidii. Zebaki, ile metali ya majimaji ambayo wachimbaji hunasia dhahabu, ikiwemo kwenye maji hunata kwenye plastiki kabla hatujaifungua chupa. Isitoshe, maji yanayopita juu mara nyingi huwa chini ya mikrogramu 6 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa maji ya kunywa. Mlalamikaji huondoka akidhani tumemficha jambo, na mchenjuaji, yaani anayetenganisha dhahabu na mawe, akisikia majibu hutamba kwamba mto ni salama. Wote wamepotoka.

Zebaki ni nzito mara 13 na ushee kuliko maji. Ikitoka na marudio, yaani mabaki ya udongo na mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, huzama, hushika chembe laini za udongo na majani yaliyooza, kisha hutulia pale mkondo unapolegea: kwenye kona, vidimbwi na vinamasi. Ndani ya tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali zaidi, ambayo hupanda kutoka kwa wadudu wa majini hadi samaki wadogo, na kutoka kwao hadi samaki wanaokula wenzao. Ndiyo maana mgodi unaweza kufungwa na samaki wakaendelea kuchafuka kwa miongo kadhaa.

Anayetaka kipimo chenye maana alete tope, na alichukue hivi. Chukua sentimita 5 za juu tu, kwa kijiko cha plastiki kisafi, mahali tope ni laini; mchanga wa kokoto hauna jibu. Changanya sampuli tatu au zaidi za eneo moja. Chukua nyingine upande wa juu wa mto, kabla ya machimbo, vinginevyo hatuna cha kulinganishia. Weka kwenye chombo chenye mfuniko unaokaza, andika tarehe, saa na mahali, kisha hifadhi kwenye baridi. Usilianike juani wala kulikausha jikoni, maana zebaki huruka na wewe utaivuta. Jaza fomu ya makabidhiano, na kila anayeishika sampuli atie saini. Bila saini hizo, majibu hayatakuwa na uzito mahakamani hata yakiwa sahihi. Kwa uzito wa tope likikaushwa maabara, tunaanza kuwa na mashaka kwenye takriban miligramu 0.2 za zebaki kwa kilo. Ikizidi 1, madhara kwa viumbe wanaoishi kwenye tope la mto yanatarajiwa.

Wengine hujitetea: “Mimi situmii zebaki, nachimba kingo tu.” Udongo mwingi wa kitropiki una zebaki ya asili iliyojikusanya kwa maelfu ya miaka. Utafiti kwenye mto Tapajós, Brazili, ulionyesha kwamba kukata msitu na kumomonyoa udongo kunaiingiza mtoni kwa wingi. Mashine inayonyonya tope la chini nayo huamsha ile iliyokwisha kutulia.

Linalotutia hofu zaidi kwa sasa ni marudio ya zamani kupelekwa kwenye matangi ya sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu iliyobaki. Sianidi huyeyusha pia zebaki iliyobaki na kuifanya isafiri kirahisi na maji. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unataka nchi ambazo uchimbaji mdogo wa dhahabu umeenea kiasi cha kutopuuzwa zichukue hatua za kukomesha jambo hilo kama zebaki haijaondolewa kwanza. Zinatakiwa pia kukomesha kutia zebaki kwenye mbale (mawe yenye dhahabu) yote bila kuichambua kwanza, kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu wazi bila kunasa mvuke, na kuuchoma kwenye makazi ya watu. Zebaki haivuki mpaka kihalali bila nchi inayoipokea kukubali kwa maandishi. Risiti ya dukani si kibali. Faini na vifungo vimeachiwa sheria za kila nchi, kwa hiyo, mchimbaji, soma masharti ya leseni yako, hasa kifungu cha kusafisha eneo kwa gharama zako. Pale kifungu hicho kilipo, kulipa faini hakukifuti.

Na tafadhali, tuachane na habari kwamba kumchemsha samaki sana au kumtia ndimu huondoa zebaki. Methilizebaki imeshikamana na nyama yenyewe, moto hauitoi. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wapunguze samaki wakubwa walao wenzao kutoka mito yenye machimbo, na badala yake wachague samaki wadogo wanaokula mimea. Hatusemi samaki waachwe. Kwa familia nyingi za kandokando ya mito ndio protini kuu.

Mwenye zebaki asiyoitumia asiimwage chooni wala kuifukia. Aifunge kwenye chombo kigumu, aongeze maji kidogo juu yake kuzuia mvuke, kisha awasiliane na mamlaka ya kemikali kabla ya kuisafirisha.