Kabla hujaiwasha upya seva yenye ukuta wa moto

Kusakinisha ukuta wa moto (firewall, kichujio cha mawasiliano ya mtandao) kwenye mifumo ya jamii ya Unix ni kazi nyepesi. Kwenye OpenBSD huna hata cha kusakinisha: PF, ukuta wa moto wake, imo ndani ya mfumo na huwaka yenyewe. FreeBSD nayo inayo, ila ni wewe wa kuiwasha kwa `sysrc pf_enable=YES` baada ya kuandika faili ya `/etc/pf.conf`. Kwenye Debian, ambayo ni Linux, ukuta ni nftables: `apt install nftables`, kisha `systemctl enable --now nftables`. Lakini hapo kwenye Debian usiridhike mapema. Faili ya `/etc/nftables.conf` inayokuja na programu ni kiolezo kitupu, haizuii pakiti (kipande cha data ya mtandao) hata moja. Huduma itaonekana iko hai, na seva iko wazi vilevile kama ilivyokuwa.

Kazi nzito huja siku ya kupandisha toleo. Nasimamia seva za mbali nisizoweza kuzigusa kwa mkono, na kuna jambo moja ninalolishikilia sana: kanuni zinazofanya kazi sasa hivi na kanuni zilizoandikwa kwenye faili ni vitu viwili. Za kwanza ziko kwenye kumbukumbu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, za pili ziko kwenye diski. Amri za `nft` (ya nftables) na `pfctl` (ya PF) ni matarishi tu. Anayepitisha au kutupa pakiti ni kerneli. Mtu akiongeza kanuni usiku kwa amri ya haraka, asiiandike kwenye faili, seva inaweza kwenda vizuri kwa miezi. Siku utakapoiwasha upya kwa ajili ya toleo jipya, kanuni ile haipo tena, na lawama zote zinaangukia toleo jipya.

Ndiyo maana kabla ya chochote naziorodhesha kanuni zilizo hai, kwa `nft list ruleset` au `pfctl -sr`, nazilinganisha na faili. Kisha naikagua faili bila kuipakia: `nft -c -f /etc/nftables.conf` kwa Linux, `pfctl -nf /etc/pf.conf` kwa PF. Toleo likishapanda narudia ukaguzi huohuo kwa programu mpya, maana sarufi hubadilika. OpenBSD 4.7, mwaka 2010, ilibadilisha namna ya kuandika NAT (kubadilisha anwani za pakiti). Mstari uliokuwa hivi:

`nat on em0 from 10.0.0.0/24 to any -> (em0)`

ukawa hivi:

`match out on em0 inet from 10.0.0.0/24 nat-to (em0)`

FreeBSD ikabaki na sarufi ya zamani kwa miaka mingi, kwa hiyo faili ya PF ya mfumo mmoja si ya kunakiliwa tu na kupachikwa kwenye mwingine.

Na faili ikikataliwa wakati seva inawaka? Hapa mifumo inatofautiana sana, na natamani kila msimamizi aujue wa kwake. OpenBSD hupakia kwanza kanuni chache za dharura zinazozuia karibu kila kitu lakini zinaruhusu SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali), ndipo isome `pf.conf`. Faili ikiwa na kosa, zile za dharura zinabaki: huduma hazifikiki kutoka nje, ila wewe unaingia na kurekebisha. Kwenye Debian, huduma ya nftables inashindwa kuwaka na seva inaendelea bila kanuni yoyote. Tovuti inafunguka, barua pepe zinapita, hakuna anayelalamika, na hifadhidata iliyokuwa ikilindwa na ukuta peke yake sasa inafikiwa na dunia nzima. Ukimya huo unanitisha kuliko kufungiwa nje.

Linux ina mtego wake mwingine. iptables, ukuta wake wa zamani, ilikuja na kerneli 2.4 mwaka 2001, na nftables ikaingia kwenye kerneli 3.13 mwaka 2014. Kuanzia Debian 10, mwaka 2019, amri ya `iptables` kwa kawaida huandika kanuni zake kwenye mfumo mpya wa nf_tables (sehemu ya nftables iliyo ndani ya kerneli), huku ile ya zamani ikibaki kwa jina la `iptables-legacy`. Seva iliyopandishwa toleo inaweza kuwa na kanuni pande zote mbili, na pakiti lazima ipite kote. Ikiruhusiwa upande mmoja, upande wa pili bado unaweza kuitupa. Unatazama `iptables -L`, unaona poti 443 (ya tovuti za HTTPS) imeruhusiwa, na bado watu hawafiki. Andika `iptables -V` ujue unazungumza na upande gani, kisha `iptables-legacy-save` uone kama kuna masalia.

Wakati wa kupakia kanuni mpya kwenye seva ya mbali, jiwekee njia ya kurudi. Mimi hutumia `at`, amri inayopanga kazi ifanyike baadaye:

`echo 'nft -f /root/kanuni-za-zamani.nft' | at now + 5 minutes`

Mambo yakienda sawa, naifuta kazi hiyo kwa `atrm`. Angalia hapa: ukihifadhi matokeo ya `nft list ruleset` kwenye faili, mstari wa `flush ruleset` haumo. Uongeze mwenyewe juu kabisa, la sivyo kanuni za zamani zitarundikwa juu ya mpya na kizuizi kilichokufungia kitabaki palepale. Ila mstari huo hufuta pia kanuni zilizowekwa na programu nyingine, Docker (ya kuendesha kontena) kwa mfano, kwa hiyo mahali penye Docker mimi hufuta jedwali langu tu.

Dirisha la SSH ulilonalo likiendelea kujibu, hilo si ushahidi. Muunganisho huo ulishasajiliwa. PF haifuti miunganisho iliyopo inapopakia kanuni mpya, na kwenye nftables karibu kila faili huruhusu miunganisho iliyokwisha kuanza. Fungua dirisha la pili, uingie upya, ndipo ufute kazi ya `at`.

Seva ikishawaka upya, ipime kutoka mashine nyingine kwa `nmap`, programu ya kukagua poti zilizo wazi, na upime IPv4 na IPv6 (aina mbili za anwani za mtandao) kila moja peke yake. Amri ya `iptables` hugusa IPv4 tu, IPv6 ina `ip6tables` yake. Kwenye nftables, jedwali la aina ya `inet` hushika zote mbili.