Je, wajua kwa nini seneta wako hujamupigia kura hata siku moja?

Uliza mutu yeyote hapa Lubumbashi, awe wa komine ya Kenya, ya Katuba ama ya Kampemba, alimupigia nani kura ya depite (mbunge). Atakutajia jina, na malalamiko atakuongezea juu bila wewe kumuomba. Sasa umuulize alichagua seneta gani. Atafikiri kidogo kisha aseme hakumbuki. Hana kosa, maana hakuna raia wa kawaida mwenye alishapewa karatasi ya kura ya seneta.

Bunge letu la Kongo (RDC) liko na nyumba mbili, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 njo inasema hivo: Bunge la Taifa na Seneti. Zote zinakaa Kinshasa ku Palais du Peuple. Bunge la Taifa liko na viti 500, wenye kuvikalia tunawachagua sisi wenyewe kwa kura ya siri, miaka mitano mitano. Seneti iko na maseneta 108 wenye kuchaguliwa, na hao wanachaguliwa na wabunge wa majimbo. Kwa jimbo letu la Haut-Katanga, Bunge la jimbo linakaa mu Bâtiment du 30 Juin, ile teatre ya zamani yenye kila mutu wa hapa anaijua, na wale wenye kukaa mule njo wanachagua maseneta wetu wane, na gavana vilevile. Kwa hiyo ile kura ya depite wa jimbo, yenye watu wengi wanaipiga haraka haraka bila kusoma majina vizuri, iko na uzito kuliko tunavyozania, juu inachagua watu wengine nyuma yake.

Sasa kwa nini wakaweka nyumba mbili, moja haitoshi?

Sababu ya kwanza iko mu hesabu. Viti vya Bunge la Taifa vinagawanywa kufuata wingi wa watu wenye waliandikishwa kupiga kura, kwa hiyo jimbo lenye watu wengi linapata viti mingi, lenye watu kidogo linapata kidogo. Kama kungekuwa nyumba hiyo tu, majimbo madogo yangekuwa yanashindwa kila siku. Mu Seneti hesabu ni ingine: kila jimbo linatoa maseneta 4, liwe kubwa liwe dogo, Kinshasa peke yake njo inatoa 8. Jimbo dogo la Bas-Uele liko na sauti sawa na Haut-Katanga. Na Katanga ya zamani, juu ilikatwa majimbo manne mu 2015 (Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika), inatoa 16 kwa jumla.

Kuko pia maseneta wa maisha, ni marais wa zamani wenye walichaguliwa na raia. Joseph Kabila aliingia kwa mulango huo, na ndo maana mu Mei 2025 wakati ilitakiwa kumuondolea kinga ili afuatiliwe na sheria, kura ilipigiwa ku Seneti.

Sababu ya pili watu hawaizungumuzie sana lakini mimi naona njo nzito. Rais wa Jamhuri, kukiwa mugogoro usioisha kati ya serikali na Bunge la Taifa, anaweza kulivunja hilo Bunge turudi ku uchaguzi. Seneti yeye hawezi kuivunja. Na kama kiti cha rais kinabaki wazi, akufe ama ajiuzulu, mwenye kukikalia kwa muda ni rais wa Seneti, mupaka uchaguzi upangwe. Kwa hiyo siku zote kuko nyumba moja yenye haizimwi. Tangu 2024 kiti cha rais wa Seneti kiko na Sama Lukonde, mutoto wa huku kwetu, mwenye alishaongoza Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mbele ya kuwa waziri mukuu.

Kazi yao sasa. Ni tatu: kutunga sheria, kupitisha bajeti, na kuchunguza serikali. Kujenga barabara haimo, kununua transfo ya umeme ya kartie haimo, kulipa matanga haimo, hata kama tumezoea kuwaomba na wao wamezoea kuahidi.

Angalia kodi ya madini, juu hiyo inatuhusu hapa kila siku. Sheria ya madini ya zamani, ya 2002, ilisema ile asilimia kampuni inalipa juu ya madini yenye inauzisha iingie kwanza ku hazina ya serikali, kisha serikali igawanye. Mu kugawanya njo kulikuwa shida. Sheria mupya ikapita mu nyumba zote mbili, rais akaitia sahihi tarehe 9 Machi 2018, na ndani yake kila mutu alipewa fungu lake moja kwa moja: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% komine, sekta ama usultani wenye mugodi uko, 10% mufuko wa vizazi vinavyokuja. Shaba ilitoka ku 2% ikaenda 3.5%, na madini yenye yanatangazwa ya kimkakati, sawa kobalti, yakawekwa 10%. Haya maneno machache yenye yaliandikwa ku Kinshasa yamebadilisha franga za komine kuliko ahadi zote za kampeni.

Nyumba mbili zisiposikilizana juu ya maneno ya sheria, wanaunda tume ya pamoja, idadi sawa kila upande, wanatafuta maandiko moja. Ikishindikana, Bunge la Taifa njo linakata neno. Na kuangusha serikali ni kazi ya Bunge la Taifa peke yake: robo ya wabunge watie sahihi, wangoje masaa 48, kisha zaidi ya nusu ya wabunge wote wakubali. Tarehe 27 Januari 2021 kura 367 zilimuangusha waziri mukuu Ilunga Ilunkamba, ule mwenye alikuwa mukubwa wa SNCC, shirika la reli, hapa Lubumbashi.

Mambo makubwa kabisa, sawa kubadilisha Katiba bila kuuliza raia, wanakaa nyumba zote pamoja, wanaita Kongre, na inaomba tatu ya tano ya kura. Mu Januari 2011 hivo njo uchaguzi wa rais ulitoka duru mbili ukawa duru moja.

Vikao vya kawaida ni viwili, 15 Machi mupaka 15 Juni, na 15 Septemba mupaka 15 Desemba, hicho cha pili ni cha bajeti zaidi. Katikati wanarudi kwetu. Depite wako wa taifa akipita ku kartie mu Julai, muulize ile 50% iliandikwa wapi mu bajeti, na alimuita waziri gani amuulize juu yake. Ya 25% muulize depite wa jimbo, yeye njo anamuchunguza gavana, na anakaa hapa hapa mujini, hauna haja ya kungoja ndege ya Kinshasa.