Ghala Lisilo na Mlinzi: Ndege wa Milimani Wanavyohifadhi Mbegu za Majira ya Baridi

Mtu wa Tabora hahitaji kufundishwa kwamba kuvuna ni nusu ya kazi. Dumuzi, yule mdudu anayegeuza mahindi kuwa unga ndani ya kihenge, aligunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza katika mkoa huu, miaka ya 1970 ikielekea mwisho na ya 1980 ikianza. Tangu hapo kila kaya inayolima ina hesabu zake za kukausha, dawa na magunia. Ndege wanaoishi kwenye milima yenye theluji wanapambana na mambo hayohayo, yaani wizi, unyevu na kuoza. Tofauti ni kwamba hawana kihenge wala mlango wa kufunga.

Fundi wao mkubwa, kwa maoni yangu, anaishi kwenye milima ya magharibi ya Marekani na Kanada. Wanasayansi humwita Nucifraga columbiana. Ni wa ukoo wa kunguru, mwili wa kijivu, mabawa meusi yenye baka jeupe, uzito wa gramu 130 hivi. Hapa nitamwita kunguru wa misonobari, kwa sababu maisha yake yote yamefungwa kwenye miti hiyo, hasa ule uitwao Pinus albicaulis unaoota juu kabisa mlimani, pale miti mingine inapokoma. Koni za msonobari huo, yaani matunda yake magumu ya magamba yanayobeba mbegu, hazifunguki zenyewe zikikomaa, na mbegu zake ni nzito, hazina kibawa cha kupeperushwa na upepo. Mti unasubiri mtu wa kuzitoa. Kiini cha mbegu kina mafuta mengi, karibu nusu ya uzito wake, ndiyo maana ndege anaona inalipa kuihangaikia.

Kuanzia Julai anakula mbegu changa papo hapo mtini. Kuhifadhi hasa huanza mwishoni mwa Agosti, mbegu zikishakomaa, na huendelea hadi theluji inapofunika ardhi. Mdomo wake ni mrefu, wenye ncha kali. Huudunga kati ya magamba ya koni, huyapasua, kisha huchomoa mbegu mojamoja. Kabla ya kuitia kwenye mfuko ulio mdomoni mwake huikagua. Huigongagonga kati ya sehemu mbili za mdomo kwa haraka, na mbegu tupu husikika na kuhisika tofauti na iliyojaa. Kwa msonobari mwingine anaoutumia, pinyoni wa nyanda kavu za kusini, hata rangi humsaidia: mbegu nzima ina ganda la kahawia iliyokolea, tupu huwa imepauka. Ukaguzi huu ni wa lazima. Kusafirisha mapepe kilomita kadhaa ni hasara tupu kwa kiumbe anayelipia kila mzigo kwa nguvu za mwili wake.

Mfuko wenyewe upo chini ya ulimi. Ni ngozi inayotanuka kutoka sakafu ya mdomo, na ndege wa jenasi hii tu ndio walio nao. Ukijaa, shingo huvimba kama ya mtu mwenye matumbwitumbwi, na humo huweza kuwamo mbegu za pinyoni zaidi ya 90 kwa safari moja. Wengine huruka na mzigo huo zaidi ya kilomita 20 kabla ya kutua.

Akifika, anafukua kwa mdomo shimo dogo lenye kina cha sentimita 1 hadi 3, anatoa mbegu mfukoni moja baada ya nyingine na kuzisukuma ardhini. Shimo moja hupata mbegu 1 hadi 15, mara nyingi 3 hadi 5. Kisha anafukia, na pengine huweka juu yake kokoto au kijiti. Anapenda miteremko inayotazama kusini, maana kaskazini mwa dunia huko ndiko jua linakopiga zaidi na theluji huyeyuka mapema, na pia migongo ya milima ambako upepo hufagia theluji isirundikane. Kwa msimu mmoja ndege mmoja huweza kuficha mbegu makumi ya maelfu. Utafiti uliofanywa kwenye pinyoni ulikadiria kati ya 22,000 na 33,000, ambazo ni mara 2 hadi 3 ya mahitaji yake.

Hiyo ziada si uchoyo. Panya na kindi wa huko hufukua kwa pua, na mashimo mengi huliwa kabla mwenyewe hajarudi. Kina nacho kimepimwa. Ukizika juujuu, mbegu inaonekana. Ukizika chini sana, gharama ya kuifukua kwenye udongo ulioganda inapita faida. Na kwa nini mbegu 4 tu kwa shimo, badala ya kumwaga mfuko mzima mahali pamoja? Kwa sababu mwizi akigundua shimo moja anapata kidogo, na haimlipi kuendelea kupekua mlima mzima. Anayeshindwa kulinda hana budi kutawanya.

Lakini kutawanya kunaleta deni: lazima ukumbuke. Kwa muda mrefu watu walidhani ndege hufuata harufu au hubahatisha. Mwaka 1982 mtafiti Stephen Vander Wall alichapisha jaribio lililomaliza ubishi huo. Aliwaacha ndege wafiche mbegu kwenye uwanja wenye vitu vya kuonekana, kisha akavisogeza vile vya upande mmoja sentimita 20. Waliporudi, upande uliosogezwa walichimba pembeni ya mbegu zao kwa umbali uleule wa sentimita 20, na upande ambao haukuguswa wakachimba mahali penyewe. Kumbe wanapima kwa alama: jiwe, gogo, kisiki. Mwaka 1997 watafiti Alan Kamil na Juli Jones walionyesha kwamba ndege hawa wanaweza kufundishwa kutafuta nukta ya katikati kati ya alama mbili, na wakaipata hata alama zilipowekwa kwa umbali ambao hawajawahi kuuona. Hiyo ni jiometri, na naitaja kila ninapomsikia mtu akisema ndege hana akili. Kumbukumbu yenyewe hudumu miezi 9 na zaidi, na wanachagua alama ndefu zinazobaki juu ya theluji.

Akiba hiyo ndiyo inayomwezesha kutaga mapema ajabu, mwishoni mwa majira ya baridi, wakati mlima bado mweupe. Makinda hulelewa kwa mbegu za mwaka uliopita. Dume naye hulalia mayai, jambo lisilo la kawaida kwa ukoo wa kunguru, na sababu ni ya kighala kabisa: kila mmoja anajua mashimo yake mwenyewe, kwa hiyo lazima wapeane zamu ili kila mmoja akachukue chake.

Wapo walioamua kinyume. Gogota wa mialoni wa California huishi kwa makundi ya kifamilia na huwa na ghala moja, mti mkavu au nguzo iliyotobolewa matundu hata elfu kadhaa, kila tundu kokwa moja ya mwaloni. Hapo kazi ni ulinzi. Kokwa ikikauka husinyaa na kulegea tunduni, na ndege mwingine anaweza kuichomoa kirahisi. Basi gogota hukagua mara kwa mara na kuhamishia zilizolegea kwenye matundu madogo zaidi. Njia hii inahitaji wengi. Ndege mmoja peke yake asingeweza.

Mdogo kuliko wote ni chikadi wa milimani, gramu 11 tu, ambaye huchomeka mbegu mojamoja kwenye nyufa za magome katika milima ya Sierra Nevada, magharibi mwa Marekani. Mtafiti Vladimir Pravosudov na wenzake walikuta kwamba chikadi wa juu mlimani, ambako baridi ni kali na ndefu, hukumbuka mahali vizuri kuliko wa chini. Mwaka 2019 walionyesha pia kwamba vijana wenye kumbukumbu bora zaidi ndio walioelekea kuvuka salama majira yao ya kwanza ya baridi. Kusahau huko hakuna msamaha.

Mbona ndege wetu hawafanyi hivi? Miombo ina njaa yake, kuanzia Mei hadi Oktoba, lakini hakuna theluji ya kuifunika ardhi. Mbegu zilizodondoka bado zinaonekana, na zikipungua, ndege anahama. Kwelea kwelea hufuata mvua na nyasi mpya kwa makundi makubwa. Akiba ya mahali pamoja ingemfunga miguu. Na mbegu iliyofukiwa sentimita 2 kwenye udongo wetu wenye joto ina mchwa wa kushindana nao. Tabia ya kuficha masazo ipo, kwa kunguru hasa, ila ni ya muda mfupi. Anayekaribia kweli kunguru wa misonobari katika mikoa ya Tabora na Kigoma hana manyoya: ni panya buku, anayejaza mbegu mashavuni na kwenda kuzipanga shimoni kwake.

Mbegu ambazo kunguru wa misonobari hakuzirudia ndizo msitu wa kesho. Ndiyo maana misonobari ya Pinus albicaulis mara nyingi huonekana kama mti mmoja wenye mashina kadhaa, kumbe ni miti tofauti iliyoota kutoka shimo moja. Lakini mpango huu unavunjika. Ugonjwa wa kutu ya misonobari, unaoletwa na kuvu, uliingia magharibi mwa Kanada mwaka 1910 kupitia miche kutoka Ulaya, na umeua miti mingi sana. Kuna kikomo hapa ambacho watu hawakitarajii: koni zikipungua mno, ndege huacha kabisa kuja, kwa sababu haimlipi kutafuta. Basi hata zile chache zilizobaki hazipandwi. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliuweka mti huo kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini.

Wahifadhi wanalazimika kumtangulia ndege. Mapema kiangazini hukwea miti iliyostahimili kutu na kuzivika koni vizimba vya waya, la sivyo kunguru angezimaliza kabla hazijakomaa. Mwishoni mwa Agosti au Septemba hurudi kuchuma. Mbegu hazioti haraka. Hupitishwa kwanza kwenye unyevu na baridi kwa wiki kadhaa ili ziamke, kisha miche hulelewa kitaluni miaka kama 2. Ikishapandwa mlimani, huchukua miaka 20 hadi 30 kutoa koni za kwanza, na 60 au zaidi kuzaa kwa wingi wa kutosha kumrudisha ndege.